Kulegea, Kutanuka na Kupooza: Istilahi za Sehemu ya Chini ya Uso

Mfasiri wa maandishi ya afya hukutana mara kwa mara na maelezo ya mabadiliko yaupatayo uso wa mtu mzima: mashavu kushuka, ngozi ya taya kuning'inia, shingo kufanya mikunjo. Wengi huyakusanya yote katika maneno "kulegea kwa uso". Maneno hayo hayatoshi, na upungufu wake waweza kumdhuru mgonjwa.

Tuchukue mfano wa Ruangwa, mkoani Lindi. Mkulima wa korosho na ufuta hushinda juani miaka mingi. Mwanga wa jua huharibu kolajeni na elastini, yaani nyuzi ziipazo ngozi uimara na mnyumbuko. Tumbaku huongeza uharibifu huo. Hata asiyeshinda juani hubadilika: mafuta ya mashavu hupungua na kushuka, nyuzi zishikiliazo ngozi hulegea, na mfupa wa taya husinyaa. Kwa kibogoyo mfupa husinyaa zaidi, na kidevu hukaribia pua. Hali hii huja polepole, tena pande zote mbili. Tunapendekeza iitwe mlegeo wa uzee. Hatukuchagua "ulegevu", kwa kuwa neno hilo limekwisha zoeleka kwa maana ya uzembe.

Katika sehemu hizo hizo, vizazi vilivyopita, wanawake wa Kimwera walivaa ndonya katika mdomo wa juu. Ndonya ilipotolewa, mdomo ulibaki ukining'inia. Huo si mlegeo wa uzee bali ni mtanuko, maana chanzo chake ni kuvutwa wala si umri.

Hali ya tatu ndiyo ya hatari. Mdomo ukishuka ghafla upande mmoja, mkono ukakosa nguvu au maneno yakakwama, hizo ni dalili za kiharusi. Hapo neno lifaalo ni kupooza. Pengine ni neva ya uso peke yake iliyoathirika, lakini kuamua hilo ni kazi ya tabibu. Bango likisema "uso kulegea", jamaa za mzee waweza kudhani ni uzee tu, wakangoja hadi kesho, na saa za kuuokoa ubongo zikapita. Heri liandikwe: "Mdomo ukipinda ghafla, mpelekeni hospitali mara moja."

Istilahi za tiba nazo zataka uangalifu. Kofia pana na kuacha tumbaku ni kinga, si tiba. Meno ya bandia hurudisha kimo cha sehemu ya chini ya uso wa kibogoyo. Sindano za kujaza hufidia mafuta yaliyopungua, kwa muda tu. Ama upasuaji, wengine huuita "kuvuta ngozi". Lakini tangu Mitz na Peyronie walipoeleza, mwaka 1976, tabaka la utando na misuli lililo chini ya ngozi, wapasuaji wengi hukaza tabaka hilo kwanza, kisha hukata ngozi iliyozidi. Kwa hiyo upasuaji wa kuinua uso ni jina sahihi zaidi. Krimu isisemwe kuwa "huondoa mlegeo": iko inayopunguza makunyanzi madogo, lakini hakuna inayorudisha mfupa.

Basi, kabla ya kuchagua neno, mfasiri na ajiulize mambo matatu: hali imeanza lini, iko upande gani, na imeletwa na nini. Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi, hasa zitokazo katika lugha za kusini, tunawaomba watuletee.