Dereva Mbele, Abiria Nyuma: Sinema za Taxi Zinatufundisha Nini?

Ukiwa Butembo ao Beni, hakuna siku unayopita bila kuona motari. Anakupeleka sokoni, anapeleka watoto kwenye masomo, anabeba gunia la makala, anabeba mgonjwa usiku, na mara nyingine anabeba hata sanduku la maiti. Wewe mwenyewe uko abiria wake karibu kila juma. Lakini unajua nini juu ya maisha yake? Unajua jioni anabakia na feza ngapi mkononi?

Watengenezaji wa sinema wamejiuliza ulizo hilo tangu zamani. Wameona kwamba dereva anakaa karibu sana na kila mtu: tajiri, maskini, mwizi, mama mwenye mimba. Lakini wengi wa wale anaowabeba hawamwangalii usoni. Leo tuzungumze juu ya sinema chache za namna hiyo. Pengine umekwisha kuziona katika video ao kwenye simu ya mtoto wako.

Mwenye gari la farasi

Katika mwaka wa 1963, Ousmane Sembène wa Senegal, mtu aliyekuwa amefanya kazi ya kupakua meli kule Marseille, alitengeneza sinema fupi ya dakika karibu 20 katika mji wa Dakar. Inaitwa Borom Sarret, maana yake mwenye gari la farasi. Inahesabiwa kati ya sinema za kwanza kabisa zilizotengenezwa na Mwafrika mweusi katika Afrika yetu. Hakuna taxi ya injini ndani yake. Lakini motari wa Butembo akiitazama atasema: "Huyu ni mimi kabisa."

Asubuhi abiria wa kwanza ni watu wa jirani. Wanapanda, wanashuka, wanamsalimia kwa mkono, hawalipi. Kisha anabeba matofali. Anafikisha kwenye maternite mama anayesikia uchungu wa kuzaa. Feza kidogo alizopata anampa mtu wa njiani anayemwimbia sifa za mababu zake. Halafu anabeba baba mwenye maiti ya mtoto mchanga. Kwenye makaburi wanakataliwa kuingia kwa sababu karatasi haziko sawa, na mwenye gari anamwacha yule baba palepale, mtoto wake akilazwa chini.

Mwishoni bwana mmoja aliyevaa vizuri anaomba apelekwe kwenye mtaa wa matajiri, mahali ambapo magari ya farasi yamekatazwa. Anamwambia asiogope kitu. Wanafika, polisi anawasimamisha. Bwana yule anaenda zake, na polisi anachukua gari. Jioni mtu wetu anarudi nyumbani na farasi tu. Mke wake anamwachia mtoto mikononi, anatoka, akisema kwamba usiku ule watakula. Sinema inaishia hapo. Hatuonyeshwi anaenda wapi.

Tazama vizuri, msomaji. Nani aliharibu siku ya mtu huyu? Polisi, ndiyo. Lakini hata jirani asiyelipa, na bwana aliyesema "usiogope", na yeye mwenyewe aliyepeana feza ya chakula juu ya sifa. Kila mmoja alichukua kidogo, na deni lote likafika kwa mama na mtoto.

Hesabu ya jioni

Kwetu hesabu ni ileile. Wamotari wengi hawana moto yao wenyewe. Moto ni ya mtu mwingine, na kila siku ao kila juma dereva anamletea kiasi walichopatana. Mvua ikinyesha tangu asubuhi, kiasi kile hakipunguki. Anaondoa tena feza ya esanse anayonunua kwa chupa kwa wale tunaowaita "Kadhafi", ya mpira uliotoboka, ya mnyororo, na ya baryeri za njiani. Kinachobaki ndicho unga, dawa na masomo ya watoto.

Sasa fikiri juu ya yule anayeshuka na kusema: "Motari, leo sina, tutaonana kesho." Kwake ni jambo dogo. Kwa dereva, watu watano wa namna hiyo ni siku nzima iliyopotea, na mwenye moto hatakubali neno "kesho".

Abiria anayetukana

Katika mwaka wa 1991, Mmarekani Jim Jarmusch alitoa sinema ya Night on Earth: taxi tano, miji mitano, usiku mmoja. Katika sehemu ya Paris, dereva ni mtu wa Côte d'Ivoire, na anachezwa na Isaach de Bankolé, mzaliwa wa inchi hiyo. Anabeba wakubwa wawili kutoka Kameruni, wamelewa. Wanamcheka, wanageuza neno "Ivoirien" kwa Kifaransa kama kwamba ni mtu asiyeona kitu. Anawashusha njiani. Kisha anabeba mwanamke kipofu, na mwanamke huyo anaonyesha kwamba anatambua mengi kuliko wenye macho.

Waliomtukana dereva si Wazungu. Ni Waafrika wenzake waliopata cheo. Hata kwetu kuna watu wanaosema "motari" kama vile wanasema "mujinga". Lakini kijana huyo pengine ana diplome ya Serikali nyumbani na hakupata kazi, ao ni baba aliyeacha shamba lake kwa sababu ya vita.

Abiria mwenye feza nyingi

Katika Collateral, sinema ya Michael Mann ya mwaka wa 2004, dereva wa Los Angeles anakutana na abiria mwenye adabu. Abiria anamwahidi dola 600 ili ambebe usiku mzima. Sheria ya kazi inakataza, lakini feza inamvuta. Kumbe abiria yule ni mwuaji wa kulipwa, na katika safari hiyo anaua watu.

Mtu wa Ulaya anatazama sinema hiyo akila karanga. Mtu wa Beni anaitazama namna nyingine. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamejaza maombolezo Beni na vijiji vyake. Kwenye barabara ya Kasindi na ile ya Oicha na Eringeti, magari na moto zimechomwa, madereva wameuawa pamoja na abiria wao. Tangu 2024 hofu hiyo imefika hata upande wa Manguredjipa, njia ya kilometa karibu 100 ambayo wachimbaji wa zahabu na wafanya biashara wa Butembo wanaijua sana. Wizi ni hatari nyingine: mtu mwenye zahabu mfukoni anafuatwa, na dereva wake pia.

Kwa hiyo abiria anapotoa bei mara mbili ili apelekwe usiku mahali pasipojulikana, dereva anapaswa kuwa na uhuru wa kusema "hapana". Lakini atasemaje hapana kama nyumbani hawajala? Hapa kila jamaa ina neno la kufanya. Mke na mume wapatane mbele ya wakati: saa ngapi kurudi, njia gani kukataa, hata feza ikikosekana siku hiyo.

Abiria mgonjwa

Kuna pia hatari isiyokuwa na bunduki. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika eneo la Beni tarehe 1 Agosti 2018, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Katika miezi ile wagonjwa wengi walifika hospitali kwa moto. Mgonjwa alikaa katikati, mlinzi wake nyuma, na jasho lake ao matapiko yake kwenye mgongo wa dereva. Wengine waliogopa kusema ukweli wasije wakaachwa njiani.

Kumwambia dereva ukweli ni kulinda watoto wake pia. Na dereva akijua, anaweza kuita watu wa afya kuliko kubeba kifo bila kujua.

Mbio za sinema na mbio za kweli

Vijana wetu wanapenda zaidi Taxi, sinema ya Kifaransa ya mwaka wa 1998, ambamo Daniel anakimbiza Peugeot 406 nyeupe katika Marseille. Inachekesha, na si vibaya kucheka. Lakini mule mbio ni mchezo. Wazazi, mkimaliza kuitazama, watafutieni watoto Félicité ya mwaka wa 2017, iliyotengenezwa Kinshasa na Alain Gomis. Mwimbaji wa baa anapata habari kwamba mtoto wake ameanguka na moto. Hospitali inaomba feza kabla ya kumpasua, na mama anazunguka mji mzima akidai na kuombaomba. Kijana anapoteza mguu. Nyumba ngapi za Butembo zimekwisha kupita njia hiyo?

Ya kuzungumza nyumbani

1. Juma hili tulipanda moto mara ngapi? Tulilipa yote tuliyopatana?
2. Tunajua jina la motari anayebeba watoto wetu? Anabeba wangapi mara moja?
3. Tukimwambia "ongeza mbio, tumechelewa", nani atalipa akianguka?
4. Kama baba ao kaka yetu ni motari, tumepatana saa gani anapaswa kuwa nyumbani?

Jioni ya leo, ukishuka, mlipe kabla hujaanza kutafuta ufunguo wa nyumba. Kuna mtu anamngojea na sufuria tupu.