Vurugu Mbili Zinapopatana

Nuru ya leza husifiwa kwa utulivu, lakini haitulii daima. Katika baadhi ya leza za fuwele, jamii ya zile ambazo madaktari wa macho hutumia kufungua utando unaotanda baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, mwanga huweza kupanda na kushuka maelfu ya mara kwa sekunde bila kurudia mwendo uliopita. Wanafizikia huiita hali hii vurugu. Si bahati nasibu, kwani kanuni zake zinajulikana. Ila tofauti ndogo kabisa mwanzoni hukua upesi mpaka utabiri ushindwe.

Je, leza mbili za namna hiyo zaweza kwenda pamoja? Mwaka 1994 watafiti waliwasha miali miwili ya leza ndani ya fuwele moja yenye elementi ya neodimiamu. Ilipokuwa imetengana, kila mmoja ulikwenda kivyake. Iliposogezwa hadi nuru zao zikaingiliana, ikaanza kupanda na kushuka kwa pamoja. Vurugu haikukoma, bali sasa ilikuwa moja. Kilichohitajika ni kiungo cha kupeleka habari upande wa pili bila kukatika.

Mwaka 2005, kwa leza za aina nyingine, ujumbe ulifichwa ndani ya mwanga wenye vurugu na kupitishwa zaidi ya kilomita 100 katika mkongo wa mawasiliano jijini Athens. Leza iliyolandana na ile ya kwanza iliufichua. Hata hivyo, fedha tunazotumiana kwa simu bado hulindwa kwa hesabu za siri, na njia hii haijachukua nafasi yake.

Faida iliyo karibu nasi zaidi ni somo lenyewe: vurugu mbili huenda pamoja habari kati yake zisipokatika. Hali ya hewa nayo ina vurugu. Utabiri wa siku kwa siku hufifia kadiri wiki mbili zinavyokaribia. Kompyuta huendelea kwenda sambamba na anga kwa sababu hulishwa vipimo vipya kila siku. Kwa hiyo mvuvi asitegemee utabiri wa wiki iliyopita. Asikilize wa asubuhi anayotweka tanga. Mkulima asichukue tarehe ya mvua iliyotajwa mwezi mmoja kabla kuwa ahadi. Nasi tudai vituo vya hali ya hewa vitunzwe na kuongezwa, maana kila kipimo sahihi kinachofika kwa wakati huurudisha utabiri karibu na ukweli.