Laptopu ya shule ikigoma usiku, tuanzie wapi?

Shule nyingi za Marekani na Uingereza siku hizi humkabidhi mwanafunzi laptopu kama zamani kule kwetu tulivyokabidhiwa daftari na kitabu cha hesabu. Mtindo huu ulishika kasi mwaka 2020, korona ilipofunga madarasa. Serikali ya Uingereza peke yake iligawa zaidi ya mashine milioni moja kwa watoto wasiokuwa nazo.

Mashine ni neema, lakini ina usumbufu wake. Saa mbili usiku kazi ya shule inadaiwa, laptopu imegoma kufunguka, mzazi ametoka kazini amechoka, na Kiingereza cha kumweleza fundi wa shule hakitoshi. Mtoto akikaa wiki bila kuwasilisha kazi, mwalimu ataandika kwamba hafanyi bidii. Hataandika kwamba mashine ilikataa.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba mashine ile si mali yetu. Shule imeisajili kwa namba yake ya kiwandani, na kila inapopata intaneti hupokea amri za shule: nani aingie, programu gani zitumike, kurasa zipi zifungwe. Ndiyo maana kumpelekea fundi wa mtaani aifute ni kutupa fedha. Chromebook ya shule ikifutwa yote, inapounganishwa tena na intaneti hurudi chini ya shule ileile. Kilichopotea ni kazi za mtoto zilizokuwa ndani ya mashine.

Ikigoma, tujiulize kwanza: shida iko kwenye intaneti ya nyumbani, au kwenye akaunti ya mtoto? Jaribu simu yako kwenye waifai ileile. Kama simu nayo haifungui ukurasa, shule haina kosa. Kama simu inafungua na laptopu haifungui, tazama tarehe na saa ya laptopu. Betri ikikaa muda mrefu bila chaji, baadhi ya mashine hupoteza saa, na mashine inayodhani iko mwaka mwingine hukataa vyeti vya usalama vya tovuti karibu zote. Wengi wamehangaika usiku kucha kwa sababu ya tarehe tu.

Kwenye maktaba au hoteli kuna jambo jingine. Waifai ya huko hutaka kwanza ukubali masharti katika ukurasa maalumu, na kichujio cha shule mara nyingine huuzuia ukurasa huo usitokee. Laptopu itaonyesha imeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka. Washa intaneti ya simu yako kwa dakika chache, iunganishe laptopu huko. Ikifanya kazi, umekwisha kujua kosa liko wapi.

Tukija kwenye akaunti, shida kubwa ni neno la siri. Laptopu nyingi za Windows zinazotegemea seva ya shule huwakumbuka waliowahi kuingia. Mtoto ambaye hajawahi kuingia kwenye mashine hiyo akiwa shuleni anaweza kukataliwa nyumbani, hata kama neno lake ni sahihi, kwa sababu seva ya kumthibitisha haionekani. Basi siku anapokabidhiwa mashine, aingie akiwa palepale shuleni.

Aidha, mtoto akibadilisha neno la siri kwenye kompyuta nyingine, laptopu iliyo nyumbani huenda bado inalijua lile la zamani tu. Lijaribu mara moja, si mara kumi, maana shule nyingi hufunga akaunti baada ya makosa kadhaa. Na Chromebook ikiomba neno la zamani baada ya kupewa jipya, ipe. Ukilikwepa swali hilo, vilivyohifadhiwa ndani ya mashine hufutwa.

Yote yakishindikana, mwandikieni fundi wa shule usiku huohuo. Pigeni picha ya maneno yaliyoko kwenye kioo, taja namba ya kibandiko cha mashine, saa ilipogoma, na kama simu ilifanya kazi kwenye waifai hiyo. Nakala apelekewe mwalimu, ili pawe na ushahidi wa tarehe. Wasiojua Kiingereza waombe mkalimani wa Kiswahili. Wilaya nyingi za shule Marekani huwatumia wakalimani kwa njia ya simu.

Liko jambo jingine ambalo sisi tulioikimbia nchi kwa sababu ya kalamu hatuwezi kulinyamazia. Anayeiamuru mashine kutoka mbali anaweza pia kuitazama. Mwaka 2010 wazazi wa wilaya ya shule ya Lower Merion, jimbo la Pennsylvania, waligundua kwamba programu ya kusaka laptopu zilizopotea ilikuwa ikipiga picha kwa kamera za mashine hizo zikiwa majumbani. Kesi ilimalizika mwaka huohuo kwa wilaya kukubali kulipa dola 610,000.

Kwa hiyo tuiulize shule kwa maandishi: mnaona nini, saa ngapi, nani anasoma, na mnahifadhi kwa muda gani? Wakati huohuo, barua za wakili wa ukimbizi, mambo ya benki na mazungumzo na ndugu walioko nyumbani yasipitie laptopu ya shule hata siku moja.

Mwisho, familia zetu huhama sana kufuata kazi. Mtoto akiondoka shuleni akaunti yake hufungwa, na kazi zake za miaka hubaki humo. Kabla ya kurudisha mashine, nakilini insha, picha na miradi yake kwenye akaunti yake binafsi. Laptopu ni ya shule, lakini kazi ni ya mtoto.