Shamba Ndani ya Chumba: Uyoga Katika Nchi ya Maweni

Ukifika Kizimkazi, kusini kabisa mwa kisiwa cha Unguja, na ukataka kuchimba shimo la kupandia mgomba, utayajua mara moja mashaka ya wenyeji wake. Jembe hugonga jiwe kabla halijazama. Nchi hii ni ya maweni. Udongo wake ni haba, nao umejificha katika nyufa za mawe ya matumbawe. Msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani mwaka 1107 wa Miladi, unashuhudia kwamba watu wameishi juu ya jiwe hili kwa zaidi ya miaka mia tisa. Wameishi kwa bahari, na kwa udongo mchache waliouokota baina ya mawe.

Lakini bahari nayo ina siku zake. Kilimo cha mwani kilianza Unguja mwaka 1989, kikawapa akina mama wengi wa pwani fedha iliyo yao wenyewe. Baadaye maji yalizidi joto, na ile aina ya mwani yenye bei nzuri, iitwayo kotonii, ikawa ndiyo ya kwanza kufa. Basi mama anayerudi nyumbani na kamba tupu, naye hana hata pishi moja ya udongo uani kwake, afanye nini?

Leo tunakuletea jawabu moja. Si jawabu la kila kitu, lakini ni la kuongeza kitoweo mezani na senti mfukoni: kuotesha uyoga ndani ya nyumba, katika kijumba kinachofunguliwa na kufungwa upya kama kitanda cha kamba.

Uyoga si mmea kama mchicha. Hauli jua wala hauhitaji udongo. Chakula chake ni majani na mabua yaliyokufa. Ndiyo maana katika mji wa Paris, tangu karne ya 19, watu waliotesha uyoga ndani ya machimbo ya mawe yaliyo chini ya ardhi. Sisi hatuna vyumba vya chini. Kuchimba chini ya nyumba ya Kizimkazi ni kupigana na jabali. Tutaleta kiza na unyevu wa chini ya ardhi ndani ya chumba cha uani.

Utauliza, kwa nini kiwe cha kuhamishika? Kwa sababu chumba nyumbani hakina kazi moja. Leo ni ghala, kesho amekuja mgeni, keshokutwa ni arusi au, Mungu apishe mbali, msiba. Majirani zetu wa Makunduchi hujenga kibanda cha makuti kila Mwaka Kogwa, kisha wakakitia moto. Chetu hatutakichoma, tutakikunja na kukiweka uvunguni.

Tafuta fito za mvinje zenye unene wa kifundo cha mkono. Usikate mikoko, kwani hiyo ndiyo ngome ya pwani na malezi ya samaki. Nguzo nne ziwe na urefu wa futi 6. Fito nne za futi 5 na nne za futi 3 zifunge umbo hilo chini na juu, mfano wa sanduku lililosimama. Usipige msumari hata mmoja. Funga kila pembe kwa kamba zilizochakaa za mwani au kamba za usumba, kwa fundo la kufunguka. Ndani yake tengeneza chanja mbili za fito nyembamba, moja kwa futi 1 kutoka chini, nyingine kwa futi 3 na nusu. Kila ncha iwekee alama ya mkaa, ili siku ya kuijenga tena usibahatishe.

Kijumba kisiegemee ukuta. Acha nafasi ya shubiri moja, unyevu usije ukaila chokaa ya nyumba. Sakafuni tandika turubai, na juu yake mchanga uliooshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Pande zote ning'iniza magunia safi, na upande wa mlango gunia liwe pazia. Magunia hayo yakilowanishwa ndiyo yanayoleta baridi na unyevu.

Sasa tuje kwenye chakula cha uyoga. Kata mabua makavu ya mpunga, kama yale ya mabonde ya Cheju, au majani makavu ya migomba, vipande vya urefu wa kidole. Yatie katika pipa la maji ya moto, yasichemke kwa fujo, kwa muda wa saa mbili. Moto huo huua vijidudu vinavyoshindana na uyoga. Kisha yachuje hata ukiyakamua kwa nguvu yatoke matone machache tu. Yakisha kupoa kabisa, yachanganye na mbegu. Kila kilo 4 za mabua mabichi hutosha gramu 200 za mbegu. Mbegu hizo hukuzwa kwenye nafaka na mafundi wenye vyombo safi, kwa hiyo muulize bwana shamba wako mahali pa kuzipata zikiwa hai.

Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini, tumia ndoo za lita 10 zenye mifuniko. Zitoboe ubavuni matundu ya unene wa kidole, na chini tundu la kutolea maji. Shindilia mchanganyiko, ziba matundu kwa pamba, funika, na uziweke gizani juu ya chanja. Katika wiki mbili hadi nne utando mweupe utayafunika mabua yote. Hapo ondoa pamba. Sasa uyoga unataka hewa, na mwanga wa kukuwezesha kusoma gazeti hili, basi. Lowanisha magunia na mchanga mara mbili au tatu kwa siku, na pazia ulifungue asubuhi na jioni. Ukiona mashina marefu na vichwa vidogo, jua hewa haitoshi.

Vichwa vikianza kutokeza, siku chache tu baadaye utavuna. Vuna kabla kingo hazijapinda juu, kwani uyoga uliokomaa hutoa vumbi linalodhuru mapafu. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu asilale katika chumba hicho, hasa mtoto au mwenye pumu. Ndoo ikiota ukungu wa kijani, itoe nje siku hiyo hiyo. Na uyoga wowote uliojiotea ambao hukuupanda wewe, usiule wala usiuuze. Uyoga wa sumu haupigi hodi.

Tusidanganyane juu ya faida. Ndoo moja, kwa mavuno yake matatu au manne, itakupa kiasi cha nusu kilo hadi kilo moja. Ndoo 12 hazitajenga nyumba. Zitakupa mchuzi wa tui wenye lishe, na ziada ya kumpelekea mpishi wa hoteli jirani ukiwa umekwisha kupatana naye bei. Anza na ndoo tatu, wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, joto likiwa limepungua. Usikope fedha wala usiuze kuku wako kwa ajili ya jaribio la kwanza.

Mavuno yakiisha, fungua kamba, osha fito na ndoo, ziache juani siku mbili, kisha kunja. Chumba kimerudi kwa wenyewe. Nayo mabua yaliyobaki usiyatupe. Yachukue nje, uyashindilie katika ufa wa jiwe, na baada ya mvua upande mchicha wako humo. Waliotutangulia waliupata udongo wa Kizimkazi kwa kuuokota. Sisi tunaweza kuuongeza, kiganja kwa kiganja. Haba na haba hujaza kibaba.