Heliamu ya Rukwa na Jina la Elementi ya 118

Kutoka Sumbawanga, uwanda wa juu wa Ufipa unakatika kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa na kuliachia nafasi bonde la Ziwa Rukwa. Juni 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba bonde hilo lina hazina kubwa ya gesi ya heliamu. Mwezi huohuo, IUPAC, chombo cha kimataifa cha wanakemia, kilitangaza majina yaliyopendekezwa kwa elementi nne mpya. Mojawapo ni oganesoni, elementi ya 118. Katika jedwali la elementi, hizi mbili zimo safu moja, ya gesi adimu: heliamu juu kabisa, oganesoni chini kabisa.

Heliamu ya Rukwa imetokana na uraniamu na thoriamu zilizomo katika miamba ya kale. Atomi za elementi hizo zinapovunjika hutoa chembe za alfa, na kila alfa ni kiini cha heliamu. Joto la volkano za Bonde la Ufa ndilo lililoifungulia gesi hiyo njia ya kutoka mwambani.

Oganesoni nayo hutambuliwa kwa alfa. Huko Dubna, Urusi, wanasayansi wa Kirusi na wa Kimarekani waliipiga kaliforniamu, yenye protoni 98, kwa kalsiamu yenye protoni 20. Mara chache mno viini viwili viliungana vikawa na protoni 118. Kwa kawaida atomi hiyo haimalizi hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hutoa alfa, ikabaki na 116. Hutoa nyingine, ikabaki na 114. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2006.

Wagunduzi ndio wenye haki ya kupendekeza jina, mradi litokane na hadithi za kale, madini, mahali, sifa ya elementi au mwanasayansi. Wa Dubna walimchagua kiongozi wao, Yuri Oganessian. Kabla yake ni Glenn Seaborg pekee aliyepewa heshima hiyo angali hai.

Tatizo lilikuwa kwenye mwisho wa jina. Mwaka 1868 Norman Lockyer aliona alama ya heliamu katika mwanga wa Jua, akaidhania metali, akaipa mwisho wa metali, -iamu, kama sodiamu. Gesi adimu nyingine huishia na -oni: neoni, argoni, kriptoni. Kanuni ya IUPAC ya mwaka 2002 ingeilazimisha elementi ya 118 nayo iitwe kama metali. Ikarekebishwa 2016, na Novemba 28 jina likapitishwa.

Hata hivyo, mahesabu yanaashiria kwamba oganesoni, kama ingedumu, huenda isingekuwa gesi kabisa. Lakini kanuni mpya haiulizi elementi inafananaje. Inahesabu protoni, inatazama safu, kisha inatoa mwisho wa jina. Lockyer alikisia tabia akakosea. Idadi ya protoni haikisiwi.