Njia ya Hewa Kabla ya Kisu: Usingizi kwa Mgonjwa Mwenye Hatari Kubwa

Aliyelazwa ili apasuliwe tumbo hushangaa daktari wa usingizi anapomwomba afungue kinywa, atoe ulimi na kuinua kidevu. Hushangaa zaidi akiulizwa kama hukoroma usiku au ana jino linalolegea. Maswali hayo yana sababu. Dawa ya usingizi, ambayo wengi huiita nusukaputi, hulegeza misuli inayoshikilia ulimi na koo. Ulimi huanguka nyuma, na dawa ya kulegeza misuli ya mwili mzima ikiongezwa, kupumua hukoma kabisa. Tangu hapo mgonjwa hutegemea pumzi anayopewa na mwingine.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu mzima akishatoa pumzi ya kawaida, mapafu yake hubaki na hewa ya takriban lita 2.5. Oksijeni iliyomo ni nusu lita hivi, na mwili hutumia kama mililita 250 kila dakika. Ndiyo maana mgonjwa huvutishwa oksijeni tupu kwa barakoa kwa dakika 3 kabla ya kulazwa usingizi. Mwenye afya njema anaweza kustahimili hata dakika 8 bila kupumua. Mjamzito, mtu mnene sana na mtoto mchanga hawana muda huo, kwani akiba yao huisha upesi.

Vipimo vya kitandani husaidia kubashiri ugumu. Kipimo cha Mallampati, kilichochapishwa mwaka 1985, hutazama kama kimio kinaonekana mgonjwa anapotoa ulimi. Huangaliwa pia kama vidole vitatu vinapita kati ya meno, na kama shingo inakunjuka. Hakuna kimoja kinachotosha peke yake, na wapo wagonjwa ambao ugumu wao haukuonekana mapema hata kidogo.

Rovu ni mfano mzuri. Uvimbe mkubwa unaoonekana toka mbali huweza kuwa laini na usisumbue, ilhali mdogo ulioteremka nyuma ya mfupa wa kifua ukalibana bomba la hewa. La kuuliza ni hili: je, mgonjwa anaweza kulala chali? Anayelala ameketi, anayetoa mluzi akivuta pumzi, au ambaye sauti yake imebadilika, asipewe dawa ya kulegeza misuli kabla picha ya shingo na kifua haijaonyesha bomba limebanwa wapi na kwa kiasi gani. Mara nyingi njia salama ni kupitisha mpira wa kupumulia mgonjwa akiwa macho, koo likiwa limetiwa ganzi ya lidokeini, kwa kutumia kamera nyembamba inayopinda. Wengi huogopa wakisikia hivyo. Wakielezwa kwa utulivu, huvumilia vizuri.

Kwa mjamzito mwenye kifafa cha mimba, koo huwa limevimba, na kule kuingiza mpira hupandisha shinikizo la damu ghafla kiasi cha kuhatarisha ubongo. Ganzi ya uti wa mgongo hupendelewa kwake, mradi damu yake inaganda sawasawa.

Mpira ukikataa kuingia, kosa la hatari ni kung'ang'ania. Kila jaribio huongeza uvimbe na damu. Mwongozo wa mwaka 2015 wa Difficult Airway Society ya Uingereza huweka kikomo cha majaribio matatu, na la nne kwa mwenye uzoefu zaidi tu. Baada ya hapo huwekwa barakoa ya koo. Hewa ikipita, timu hutulia na kufikiri, pengine kumwamsha mgonjwa. Hewa isipopita kwa njia yoyote, hutobolewa utando ulio chini ya kongomeo. Uamuzi huo huchelewa mno, kwa sababu kila mtu chumbani humngoja mwenzake autamke. Heri utamkwe kabla ya kuanza. Na mpira ukiingia, uthibitisho ni hewa ya kabonidayoksaidi inayotoka pumzi baada ya pumzi. Sauti ya kifua huweza kudanganya.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Asile chakula chepesi ndani ya saa 6 kabla ya usingizi, wala asinywe maji ndani ya saa 2. Akiwa amekula, aseme. Aliyewahi kupata shida ya mpira apewe barua inayoeleza kilichotokea na kilichofaulu, naye aioneshe kila aendapo kupasuliwa.