Unga wa Kopo na Haki ya Mnunuzi Kanyaruchinya

Kanyaruchinya, chini ya mlima Nyiragongo, kando ya barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru, mashariki mwa Kongo, unga wa mahindi aghalabu huuzwa kwa kopo: mama muuzaji hulizamisha kopo guniani, hulisawazisha kwa kiganja, kisha humimina unga katika mfuko wa plastiki usio na herufi hata moja, ilhali maandishi yote yaeleza­yo asili ya bidhaa ile husalia kwenye gunia. Kwa hivyo mjadala wa vyakula vilivyobadilishwa vinasaba, uendeshwao kana kwamba kila mlaji husoma pakiti yake dukani, haujamfikia mnunuzi huyu, na wanunuzi wa aina yake ndio wengi.

Hapa msaada na tijara vilichanganyika zamani. Tangu 2022, vita vya waasi wa M23 vilipowafukuza watu wa Rutshuru, maelfu walipiga kambi Kanyaruchinya hadi kambi zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, na familia nyingi ziliuza sehemu ya posho ya msaada ili zipate kuni na sabuni.

Swali la mahindi ya msaada si jipya: mwaka 2002, wakati wa njaa kusini mwa Afrika, Rais Levy Mwanawasa wa Zambia aliyakataa mahindi ya msaada yaliyobadilishwa vinasaba, na Zimbabwe, Malawi na Msumbiji zikayakubali kwa sharti yasagwe kwanza, yasije yakapandwa. Sharti lile lilihifadhi mashamba, lakini halikumpa mlaji habari yoyote, maadamu unga hauonyeshi punje yake. Kenya ilitunga mwaka 2012 kanuni za lebo kwa chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya vinasaba vilivyobadilishwa, na mwaka huo huo ikapiga marufuku uingizaji wake. Marufuku ilipoondolewa Oktoba 2022, shauri likaingia mahakamani.

Sisemi kwamba unga wa mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ni sumu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa vyakula vya aina hiyo vilivyomo sokoni vimepita vipimo vya usalama. Nasema kwamba anayelipa ana haki ya kujua anunuacho. Nchini Marekani zaidi ya asilimia 90 ya mahindi ni ya mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na Afrika Kusini zaidi ya asilimia 80, nazo zote mbili huuza mahindi nje, hivyo huenda yakamfikia hata mnunuzi wa kopo.

Basi wajibu uanzie kwa mwagizaji na mwenye kinu: asili ya mahindi iandikwe kwa Kiswahili katika hati ya mzigo, nakala yake ifuate kila gunia, na muuzaji wa kopo aitundike mbele ya meza yake. Wafanyabiashara wa Goma wanaweza kulianza hili wenyewe, na ninawaomba walianze.